Manowari Zilizopita Ugogo

Wengi wanaonifahamu hapa Ipagala wamewahi kuniuliza swali lile lile, na kila mmoja huliuliza huku akicheka: Mgogo na manowari, wapi na wapi? Nami sioni kosa lao. Kwetu maji ni ya kuchimba mchangani wakati wa kiangazi, na mtoto hukua akijua habari za ng'ombe, mtama na ubuyu kabla hajaona hata bwawa la kuogelea bata. Bahari nilikwenda kuiona nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya sitini sasa, nikiona picha ya meli ya kivita siwezi kuipita bila kuhesabu dohani zake na mizinga yake.

Jambo hili lilianza na karatasi. Nilipokuwa darasa la tatu, baba alinunua sukari dukani, ikafungwa kwa ukurasa uliochanwa kutoka gazeti la Kizungu. Ukurasa ule ulikuwa na picha ya meli ndefu ya kijivu, yenye dohani tatu zilizosimama wima kama wazee barazani. Sikuweza kusoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Nililaza ukurasa ule chini ya mkeka mpaka ukachakaa, na kwa kuwa sisi watoto wa Ugogo tulikuwa mafundi wa kutengeneza vitu kwa mabua ya mtama, nikatengeneza meli yangu ya mabua, dohani tatu, nikaiburuta vumbini kwa kamba. Wenzangu walikuwa na magari ya mabua. Mimi peke yangu nilikuwa na manowari.

Neno lenyewe manowari nililipata baadaye kidogo, kwa mwalimu mmoja aliyetoka pwani. Watu wa mwambao walilisikia kwa mabaharia wa Kiingereza waliotia nanga Unguja na Mombasa, wakalifinyanga likakaa vizuri mdomoni. Nililipenda tangu siku ile.

Nilipoingia Chuo cha Ualimu Mpwapwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilikuta maktabani kitabu cha Kiingereza juu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki. Nikaanza kukisoma kwa kamusi, usiku, kwa taa ya chemli. Humo nikakutana tena na meli ya dohani tatu. Sithubutu kusema kuwa ndiyo ile ya karatasi ya sukari, ila moyo wangu uliamua kuwa ndiyo. Jina lake ni Königsberg.

Msomaji atanivumilia nikikaa hapa kidogo, maana hadithi ya meli hii sichoki kuisimulia. Ilishushwa majini huko Ujerumani mwaka 1905, ikawa na urefu wa mita 115 na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Iliingia bandari ya Dar es Salaam Juni 1914, ikiongozwa na nahodha Max Looff. Vita vilipozuka mwezi Agosti ilikuwa tayari imekwisha kutoka baharini, na mnamo tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, iliyokuwa imebeba chai. Baada ya hapo shida yake kubwa ilikuwa makaa ya mawe. Manowari ya siku zile bila makaa ni kama ng'ombe wa maksai bila majani: nguvu zipo, mwendo haupo.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilijitokeza mbele ya Unguja. Bandarini ilikuwamo manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imezima moto ili mafundi watengeneze mitambo yake. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya zamani na makombora yake hayakufika mbali. Yale ya Mjerumani yalifika. Mapigano yalikwisha katika muda ambao mtu angetumia kunywa chai yake ya asubuhi, na mabaharia zaidi ya thelathini wa Pegasus wakafa. Meli ikazama siku ile ile.

Baada ya ushindi huo Königsberg yenyewe iliharibikiwa mitambo, ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza zisingeweza kuifuata kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Vyuma vya mitambo vilivyohitaji kutengenezwa vilipelekwa Dar es Salaam kwenye karakana, vikatengenezwa, vikarudishwa Rufiji. Waingereza wakaja na meli moja, mbili, tatu, wakaziba mkondo mmoja kwa kuzamisha meli kuukuu iliyoitwa Newbridge, wakaleta ndege ya majini ili iitafute. Kwa zaidi ya miezi minane meli moja ilizishughulisha nyingi. Mwishowe zikaletwa manowari mbili za ajabu, Severn na Mersey, bapa kama masinia, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya nchi ya Brazili ili zitumike katika mto Amazon. Zilikaa juu juu ya maji, kwa hiyo ziliweza kuingia mtoni. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 Julai zikarudi, huku ndege ikizielekeza shabaha kutoka angani, na siku hiyo Looff, naye akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe.

Wengi hudhani hadithi imeishia hapo. Kwangu mimi ndipo inapoanza kukaribia nyumbani. Wajerumani waliing'oa mizinga yote kumi kutoka katika ile meli iliyolala matopeni, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaiundia magurudumu. Kuanzia hapo mizinga ya baharini ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma kwa reli. Na reli ya kwenda Kigoma, kama kila mtu ajuavyo, inapita Dodoma.

Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Mara ilipokamilika, ilipitisha mzigo ambao mpaka leo nikiufikiria nashika kichwa. Ulikuwa meli nzima. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapangwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupakiwa kwenye mabehewa. Mafundi watatu kutoka kiwanda kile kile, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliifuata ili waiunge upya ufukweni Kigoma. Tarehe 5 Februari 1915 ilishushwa ziwani, ikaitwa Graf von Götzen kwa jina la gavana wa zamani. Baadaye ikafungwa ule mzinga wa Königsberg puani.

Basi ndugu yangu unayeniuliza Mgogo na manowari wapi na wapi, jibu langu ndilo hili: manowari ilipita hapa. Ilipita ikiwa imelala katika masanduku, karibu na miti ya mibuyu, na pengine mchunga mbuzi mmoja alisimama kando ya reli akaitazama bila kujua anachokitazama.

Ziwani Tanganyika kulitokea mambo ya kuchekesha pia. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za injini, urefu wa futi arobaini hivi kila moja, zilizoitwa Mimi na Toutou. Mkubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majivuno mengi. Mashua hizo zilitoka Uingereza Juni 1915 kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni hadi Kongo, kisha zikakokotwa porini na milimani kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe, kisha kwa mto, kisha kwa treni tena. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Spicer-Simson alipoiona Götzen, kubwa kama jumba, hakuisogelea. Kumbe wakati fulani mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa kazi ya nchi kavu, na mahali pake kulisimamishwa gogo. Kisa hiki nilikuwa nikikisimulia darasani na watoto hucheka mpaka machozi.

Sasa nifike kwenye darasa lenyewe.

Katikati ya miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi moja huku huku Dodoma. Siku moja niliamua kuwaonyesha wanafunzi ukubwa wa Königsberg. Nikawatoa nje, tukapima mita 115 uwanjani kwa hatua. Meli ilianzia kwenye lango moja la mpira, ikavuka lango la pili, ikaingia katika shamba la shule. Nikawasimamisha watoto kumi kuwa mizinga, wawili mbele, wawili nyuma, watatu kila ubavu. Watatu wengine warefu wakawa dohani. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nikaeleza Unguja, nikaeleza Rufiji, nikaeleza jinsi mizinga ilivyong'olewa, na kwamba mwezi Mei 1916 mizinga ya meli hii ilitumika kuwapiga Waingereza na Makaburu waliokuwa wameuteka mji wa Kondoa. Kondoa! Kilomita kiasi cha 160 tu kutoka Dodoma mjini. Kombora lililotengenezwa kwa ajili ya vita vya baharini likaanguka Urangi.

Msichana mmoja, ambaye nilimpanga kuwa mzinga wa nyuma, alinyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, nani aliubeba mzinga mpaka Kondoa?"

Nikamjibu kuwa ni Wajerumani.

"Wenyewe?"

Darasa likacheka. Mimi nikasema kengele inakaribia, turudi ndani. Lakini swali lile lilikwenda nami nyumbani likakataa kulala. Vitabu vyote nilivyosoma vilinipa uzito wa makombora, mwendo wa meli na majina ya manahodha. Juu ya waliovuta kamba, viliandika "wapagazi", kisha vikaendelea na safari.

Wakati huo bibi yangu mzaa mama alikuwa bado hai. Nilipopata likizo nilikwenda kijijini nikiwa na daftari. Nikamwuliza kama alipokuwa mtoto aliwahi kuona treni zilizobeba meli. Akaniuliza meli ni nini. Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mjukuu aliyesomeshwa, kisha akasema hakumbuki chochote cha namna hiyo. Alichokumbuka ni Mtunya.

Wagogo wote wa rika langu wamelisikia neno hilo. Ndilo jina la njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, na maana yake ni kugombania, kunyang'anyana. Mwanahistoria Gregory Maddox ameiandikia makala iliyotoka mwaka 1990, na nilipoisoma nilikuta humo, kwa lugha ya kitaalamu, mambo ambayo bibi alinieleza akiwa anapepeta mtama. Ugogo uliwahi kuona njaa nyingi, maana mvua zetu ni za kubahatisha. Lakini hii haikuletwa na mvua peke yake. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mnamo tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya jenerali van Deventer yaliingia Dodoma, na hao nao wakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, hapakuwa na akiba ghalani, hapakuwa na mifugo ya kubadilishana na chakula, na mikono ya kulima ilikuwa mbali, mingine imekwisha zikwa njiani. Kisha yakaja mafua makali yaliyoikumba dunia nzima mwaka 1918.

Bibi alikuwa msichana wa miaka kumi au zaidi kidogo. Alisema baba yake alichukuliwa mtama ukiwa umekaribia kuvunwa, yeye na wanaume wengine wa pale, wakaelekea kaskazini. "Walikwenda kubeba chuma," alisema.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa miaka mingi. Niliposikia maneno hayo, moyo wangu ulidunda kwa furaha. Mtama kukaribia kuvunwa, yaani mwezi wa nne au wa tano. Kaskazini, yaani Kondoa. Chuma! Nikashika kalamu vizuri nikamwuliza kwa haraka: chuma cha namna gani, kirefu, cha mviringo, kilikuwa na magurudumu? Nilitaka uwe mzinga wa Königsberg. Nilitaka babu wa mama yangu awe ameigusa manowari yangu.

Bibi aliacha kupepeta akanitazama. Akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Hakurudi kutuambia."

Kisha akaendelea, bila kupandisha sauti. Wadogo zake wawili walikufa katika Mtunya. Walikula mizizi, walikula ubuyu mpaka ukaisha, walichemsha ngozi za ng'ombe zilizokuwa za kulalia. Jirani mmoja alimpeleka binti yake kwa watu wenye nafaka ili apate vibaba vya kuwalisha waliobaki, na binti yule alikuwa rafiki yake bibi. Daftari langu lilibaki limefunguliwa kwenye ukurasa niliokuwa nimeandika juu yake "Mzinga sm 10.5". Chini ya maneno hayo sikuandika kitu.

Sikuacha kupenda manowari. Nisiseme uongo kwa umri huu. Lakini kuanzia hapo nilizisoma kwa namna nyingine. Nikisoma kwamba vyuma vya mitambo ya Königsberg vilikokotwa kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam, natafuta idadi ya waliovikokota. Nikisoma kwamba mizinga ilivutwa milimani, nauliza walikula nini. Wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi waliokufa katika vita vile, pande zote, walizidi 100,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi wala si risasi. Tunalo jina moja kubwa linalowakumbuka, Kariakoo ya Dar es Salaam, ambalo asili yake ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lakini anayekwenda pale kununua nyanya hana habari.

Na mwaka uliofuata, nilipofundisha tena somo lile uwanjani, niliongeza kitu. Baada ya kuwapanga mizinga na dohani, niliwatoa watoto wote waliobaki, nikawapa kamba ya kisimani, nikawaambia wauvute mzinga mmoja, yaani gogo la mbuyu mkavu, kutoka lango hili la mpira hadi lile. Mbuyu mkavu ni mwepesi, jambo ambalo kila Mgogo analijua, na bado walichoka. Kisha nikawaambia: bado kilomita 160. Hakuna aliyecheka. Nilifundisha hivyo mpaka nilipokuwa mwalimu mkuu na shughuli za ofisi zikaninyang'anya darasa.

Götzen nayo ilikuwa na maisha yake. Tarehe 26 Julai 1916, siku tatu kabla Dodoma haijaangukia mikononi mwa Waingereza, wale mafundi waliipaka mitambo grisi nzito wakaizamisha kwa hiari karibu na mlango wa mto Malagarasi, wakitumaini kuiinua siku moja. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Niliipanda mwishoni mwa miaka ya 1980, Kigoma hadi Kasanga, nikiwa na tiketi ya daraja la tatu kati ya magunia ya dagaa. Usiku nilipapasa ukuta wake wa chuma nikitafuta ribiti, nikawaza kuwa chuma hiki kiliwahi kupita Dodoma sandukuni. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokwama Kagunga. Sijui manowari nyingine iliyofanya kazi njema namna hiyo baada ya kuvuliwa mizinga.

Safari yangu ya mwisho ya namna hii ilikuwa Mombasa, baada ya kustaafu. Mwanangu mmoja alikuwa na shughuli huko, nikamsihi anichukue. Katika Ngome ya Yesu kuna mizinga miwili ya vita vile, mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg, adui wawili wamewekwa pamoja kama wazee waliochoka kugombana. Nilikaa mbele ya ule wa Königsberg kwa muda mrefu hata mwanangu akaanza kutazama saa. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akitembeza wageni kama mzinga huu ni miongoni mwa iliyofika Kondoa. Akasema hilo hajawahi kuulizwa. Akaniuliza mzee unatoka wapi, nikamwambia Dodoma, akacheka kama wanavyocheka wote.

Niliweka kiganja juu ya mtutu. Ilikuwa saa saba mchana na chuma kilikuwa kimepata jua la kutosha. Nikajaribu kukadiria mtu angeshika wapi ikiwa ameambiwa asukume, bega likae wapi, mguu ukanyage wapi. Mwanangu akaniita mara ya pili, nikaondoa mkono.